Hakuwa Mtoto Mpole

Tangu mpwa wangu azikwe, kila anayevuka kutoka Lindi mjini kuja Kitunda kutupa pole anamsifia upole. Mtoto mtulivu yule, wanasema, hana neno na mtu. Naitikia tu, maana msibani hapabishaniwi. Ila huyo wanayemsema mimi simjui.

Wa kwetu alikuwa na maneno. Nyumbani tulimwita Mwenyekiti, na cheo alijipa mwenyewe.

Alizaliwa na selimundu. Baba mzima, mama mzima, kumbe kila mmoja amebeba chembe yake ya urithi bila kujua, na watu wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, maumivu yanaanza. Baridi inayachochea, na kiu pia. Hayo yote alinifundisha yeye, hata kabla hajamaliza shule ya msingi, akiwa ameshika chupa yake ya maji. Kusi likivuma, alikuwa akipanda kivuko kwenda shule Lindi mjini na koti na kofia ya sufu, wenzake wakimcheka. Kuna aliyezidisha, akajibiwa: "Wewe damu yako haina kona, nyamaza."

Bibi yake ana mikorosho ng'ambo huku. Wakati wa kuipulizia salfa, dawa ya ukungu, Mwenyekiti hakuruhusiwa kusogea shambani kwa sababu ya kifua, basi akakaa barazani na daftari, anaandika mifuko mingapi imetumika na kibarua gani amechelewa. Vibarua walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwenye shamba. Ikifika Oktoba anamsindikiza bibi kuuza korosho chama cha msingi cha ushirika, anausoma mzani mwenyewe. Mwaka mmoja alimsimamisha karani mbele ya foleni nzima: bei ya mnada ilikuwa hii, makato ni haya, mbona kilichobaki hakilingani? Karani, muungwana kwa kweli, akageuza karatasi akamwelekeza mstari kwa mstari. Hesabu ilikuwa sawa. Bibi akataka kuondoka kwa aibu, lakini mjukuu alikuwa hajamaliza kunakili.

Alifariki akiwa kidato cha pili, korosho zikiwa zimeanikwa uani. Safari hiyo maumivu yalianzia kifuani, si miguuni kama tulivyozoea, na hakufika asubuhi. Hapo sina zaidi.

Kwetu huku mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo pole nyingi zinaletwa kwangu. Kazi ya Mungu, wanasema, na sina ubishi. Neno linalonikaa kooni ni lile la "amepumzika". Mtoto aliyekuwa akichukia hata kulala mchana! Ukimwambia apumzike anakuuliza, "Njomba, umeniona nimechoka?" Mara nyingi alikuwa amechoka kweli, macho ya manjano kabisa, lakini swali lilibaki pale pale linakungoja ujibu. Nadhani tunawafanya marehemu wetu wapole ili iwe rahisi kuwaacha. Mimi nataka huyu abaki msumbufu, mwenye kukosoa chumvi ya mchuzi kwenye nyumba za watu.

Makaburini ilitangazwa, kama desturi, kwamba anayemdai marehemu aione familia. Hakujitokeza mtu. Tulipokwisha anua tanga ndipo akaja mama mmoja anayeuza barafu za ubuyu karibu na shule, anajikuna mkono, hataki kukaa. Alikuwa na kijidaftari. Mwandiko ulikuwa wa Mwenyekiti mwenyewe, tarehe na jumla zimepigiwa mstari, na chini ameandika: nitalipa bibi akilipwa mnada wa pili.

Dada hakujali deni. "Barafu?" akasema. "Na baridi yote ile, barafu?" Akasimama, akaanza kumgombeza mwanawe kwa jina, sauti juu, kama vile yuko chumba cha pili anajifanya hasikii. Wanawake waliokuwa jikoni wakaja mbio. Akagomba mpaka akaishiwa pumzi, kisha akafungua pindo la kanga akalipa.

Yule mama naye akaona ajitetee. "Mwenzangu, mimi aliniambia daktari kamruhusu."