Mchanga wa plasta, shabu na sumaku ya spika

Lori lilipomwaga mchanga wa plasta nyuma ya nyumba yetu hapa Morogoro, wanangu waliacha mpira wakauvamia. Mchanga wa mito ya Uluguru humeremeta juani kwa sababu ya ulanga, yale madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, na mdogo, ambaye ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, alikuwa na hakika kwamba tumeletewa dhahabu. Dada yake akakataa katakata. Nikawaambia waache kubishana, wauulize mchanga wenyewe.

Hilo ndilo ninalolisimamia kwa habari ya mawe: jaribio kwanza, jina baadaye. Mtoto ukimwambia "hii ni kwatsi", ameshapata jibu, analiweka chini na kwenda zake. Mpe msumari na chupa tupu ya soda ajaribu kuchora, utamtafuta wakati wa chakula.

Tulianza na ulanga. Katika changarawe hupatikana vipande vipana kidogo, na ukivichokoa kwa ukucha vinachambuka tabaka kwa tabaka mpaka unabaki na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Dhahabu haichambuki, ukiigonga inabonyea tu. Mdogo alinuna, kisha akauliza sasa huu ulanga una kazi gani. Fundi wa pasi wa mtaani kwetu, Mungu ambariki, alikuwa na pasi kuukuu iliyoungua. Aliifungua akawaonyesha waya wa moto uliozungushwa kwenye kipande cha ulanga, kwa kuwa ulanga unahimili joto na haupitishi umeme.

Kwa ugumu tunafuata mpango wa Friedrich Mohs, aliyeyapanga madini 10 mwaka 1812, kuanzia talki iliyo laini kuliko yote hadi almasi iliyo ngumu kuliko yote. Ukucha uko kama 2.5, kioo cha chupa kama 5.5, kwatsi ni 7. Ndiyo maana kwatsi, lile jiwe jeupe la mtoni, huacha mchoro kwenye chupa. Chupa ilazwe juu ya kitambaa mezani, isishikwe mkononi. Na mawe hayagongwi kwa nyundo bila kufungwa kwenye nguo nzito, kwani kipande kikirukia jicho hakuna mchezo tena.

Ila kilichowashika kabisa ni sumaku. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ipitishe juu ya mchanga mkavu. Chembe nyeusi zitasimama juu ya mfuko kama nywele. Ukiichomoa sumaku, zinadondoka zote kwenye karatasi. Bila mfuko utashinda siku nzima ukizibandua. Hiyo ni magnetaiti, madini yenye chuma ndani yake, uzito wake kama mara 5 ya maji, wakati kwatsi ni kama mara 2.65. Kwa hiyo ukiosha mchanga kwenye sinia, ukizungusha taratibu na kuacha maji yachukue ulio mwepesi, weusi hubaki chini. Binti yangu aligundua mwenyewe kwamba pamoja na weusi zinabaki chembe nyekundu ambazo sumaku haizivuti. Ni ganeti. Alitamani ziwe rubi, na hakukosea kuota, maana Matombo, upande wa mashariki wa milima hii hii, rubi inachimbwa. Lakini rubi ina ugumu wa 9, inaichora kwatsi bila shida. Ganeti iko karibu na 7.

Jikoni tunakuza fuwele (kristali). Chumvi ya mawe ukiitazama kwa lenzi ni masanduku madogo, kwa sababu chembe za sodiamu na klorini hujipanga pembe mraba. Shabu (kwa Kiingereza alum) ni nzuri zaidi. Koroga shabu kwenye maji ya moto mpaka yasiyeyushe tena, chuja kwa kitambaa, mimina kidogo kwenye kisosi. Kesho yake chagua fuwele iliyonyooka, ifunge kwa uzi, itundike ndani ya maji yaliyobaki yakiwa yamepoa, ufunike kwa karatasi na usiguse. Itatoka na pande nane, piramidi mbili zilizogusana kitako. Ukiweka juani maji yakauke haraka unapata vipunje. Ukiweka kabatini unapata fuwele kubwa. Hapo ndipo nilipowaeleza kwa nini matale (graniti) yana chembe kubwa: yalipoa polepole sana chini ya ardhi, wakati lava hupoa upesi juu, chembe zisipate nafasi ya kukua. Fuwele ikikamilika ifute, usiisuuze, kisha ipake rangi ya kucha isiyo na rangi ili isififie. Na chombo cha shabu kisirudi kwenye vyombo vya kula.

Vitu vyetu vinakaa kwenye trei ya mayai, kila kishimo na kikaratasi: kitu kimetolewa wapi, kinachora nini, kinavutwa na sumaku au la. Jina lina mstari wake pia, mara nyingi mtupu.

Wazazi wenzangu mlioko Unguja au Tanga hamna haja ya kutafuta ulanga. Kwenu kuna mawe ya matumbawe. Kwaruza unga kidogo, kamulia limau, sogeza sikio karibu. Kisha fanya hivyo hivyo kwa kigae cha kiwandani, na mwache mtoto aseme tofauti imetoka wapi.