Dago la Maziwe na Mdogo Wangu

Kwetu Ngamiani, Tanga, safari ina mwenyeji. Unakwenda Korogwe kwa shangazi, Muheza msibani, Dar es Salaam kwa mjomba. Kwa hiyo nilipomwambia mama nataka kumchukua mdogo wangu, aliyekuwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne, tubebe mabegi mgongoni mpaka Ushongo, pwani ya Pangani, na kutoka hapo tuvuke kwenda Maziwe, fungu la mchanga baharini, aliuliza jambo moja tu: “Mwaenda kwa nani?” Nikamjibu, twaenda dago, kambi ya muda ya wavuvi, kama alivyokuwa akienda babu. Alinitazama, kisha akaingia jikoni kututafutia sufuria ndogo yenye mfuniko.

Babu alikuwa mvuvi. Bahari ikitulia, yeye na wenzake walihamia kisiwani na mchele, chumvi na ndimu, wakalala mchangani, wakala walichovua. Namtaja kwa sababu vijana wenzangu wengi huona kubeba hema na begi ni mambo ya wazungu, na hilo linaniuma. Visiwa vya Toten na Yambe tunaviona tangu utotoni, lakini ukiuliza nani amekanyaga huko, mikono inayonyooka ni michache.

Begi nilimwachia mdogo wangu alifunge mwenyewe. Alipomaliza nilimwomba alibebe, tukazunguka nalo mitaa kadhaa jua likiwa kali. Tuliporudi alitoa jinzi zote isipokuwa moja, akaongeza kanga ya pili na chupa ya maji.

Pangani tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni. Nilimwonyesha maji ya mto yenye rangi ya udongo yakiingia baharini, nikamweleza kwamba sehemu yake imeanzia Kilimanjaro na Meru. Aliinama ukingoni akayaangalia mpaka tukafika ng'ambo. Kutoka Bweni tulichukua bodaboda, vumbi tupu.

Ushongo tuliomba kupiga hema kwenye kiwanja cha bibi mmoja, pembeni ya minazi. Alituuliza ukoo wetu, akauliza wa upande wa mama, akaendelea kuuliza mpaka akapata mtu wanayefahamiana. Baada ya hapo hatukuruhusiwa tena kupika. Usiku ule mdogo wangu hakulala mapema. Alikuwa akisikiliza mawimbi na kuniuliza kila sauti ni ya nini. Nilifurahi kujibu nilizozijua.

Maziwe haiko mbali na pwani ya Ushongo, lakini huendi saa unayotaka wewe. Ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na yakijaa bahari inalifunika. Ndiyo maana huwezi kulala pale. Nahodha wa kutuvusha alikaa na mdogo wangu mchangani akamchorea kwa kijiti: bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu saa nzima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Mdogo wangu amesoma jiografia miaka minne na alikuwa ameyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Pale mchangani aliyauliza upya, moja baada ya jingine, mpaka akaweza kumwambia nahodha mwenyewe kesho yake tuondoke saa ngapi. Kama safari ingeishia hapo, ningeridhika.

Haikuishia hapo. Tulifika mchanga ukiwa mweupe na mkavu. Zamani hapa palikuwa na kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya miti hiyo. Mwaka 1975 Maziwe ilitangazwa kuwa eneo tengefu. Lakini bahari iliendelea kula mchanga, na kufikia miaka ya themanini mwanzoni miti yote ilikuwa imekwisha. Kasa bado wanakuja. Wanataga mahali ambapo maji yatafunika mayai na kuyaua, ndiyo sababu watu wa Ushongo huyahamisha na kuyafukia upya ufukweni kwao, wakayalinda kwa miezi miwili hivi hadi yaanguliwe. Nahodha alipokuwa akilieleza hili mdogo wangu alinishika mkono. “Dada, kumbe kuna watu wanawachunga!” Ndiyo, wapo, na ni majirani zetu. Watoto wa Tanga wangepaswa kulijua hilo kabla ya kuwajua simba wa Serengeti.

Kisha alivaa miwani ya kuzamia. Kuogelea alijifunza Raskazone, kwa hiyo sikuwa na hofu, ila nilikaa karibu. Aliwaona pono wakitafuna kwenye matumbawe, samaki aliyekuwa akimjua kwenye sinia tu, akaibuka akipiga kelele za furaha huku maji yakimwingia mdomoni. Nahodha alipotuita tupande, maji yalikuwa yameanza kulamba kingo za fungu, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba begi lake.

Sasa anataka turudi mayai yanapoanguliwa, na safari hiyo anataka kuipanga yeye. Ameshapiga simu kwa nahodha, amebandika kalenda ya mwezi ukutani, na rafiki yake wa darasani ameomba nafasi hemani. Hema letu ni la watu wawili. Natafuta la kuazima.