Nilivyowekewa daraja la jino la mbele, na kwa nini nilichagua la kahawia

Meno yangu ni ya kahawia. Kwa sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, Maji ya Chai, Leguruki, Ngarenanyuki na kwingineko, hilo halina haja ya maelezo. Ukicheka tu Dar es Salaam mtu anakuuliza, "Wewe wa Arusha, eh?" Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini huku kwetu ipo mito na chemchemi zinazopita 10. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, yanaota yakiwa na madoa, na kwa wengine yanaota na vishimo kabisa. Halafu ongeza magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka, maana nayo yana floraidi yake.

Nimeanza na habari ya rangi kwa sababu nilipopoteza jino la mbele, rangi ilinisumbua kichwa kuliko pengo.

Jino lilikwenda kwa ajali ya bodaboda. Dereva alikanyaga breki ghafla, mdomo wangu ukajikuta kwenye kofia ngumu yake. La mbele juu, upande wa kushoto, likakatikia kwenye fizi, na mwenzake wa kulia akamegeka pembe. Mzizi uliobaki ulikuwa umepasuka, ukang'olewa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kusema fa, fe, fi, fo, fu mbele ya watoto wanaonikodolea macho mdomoni. Sasa jaribu kusema "fi" bila jino la mbele la juu: mdomo wa chini hauna pa kuegemea, pumzi inatoka yote. Watoto hawakunicheka hata kidogo. Walichofanya ni kibaya zaidi, walinifuatisha. Darasa zima likawa linapuliza hewa kwa bidii, kila mmoja akiamini hivyo ndivyo "fi" inavyosemwa.

Kwa muda nilivaa jino la kuvua na kuvaa, lile lenye kipande cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa na vyuma viwili vya kushikilia. Ni rahisi, halichongi jino lolote, na kwa mtu anayesubiri fizi ipone linasaidia kweli. Ila langu lilikuwa linacheza nikiongea, na lilikuwa jeupe kama sahani mpya katikati ya meno yangu. Mzazi mmoja alikuwa akiongea nami huku anaongea na lile jino.

Daktari wa meno niliyemwendea mjini Arusha alikuwa kijana. Alinipokea kwa "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba, kisha akanipiga picha ya eksirei kabla hajaniambia lolote kuhusu bei. Hilo lilinipendeza. Alitaka kuona mizizi ya meno mawili ya jirani, kwa sababu daraja, yaani meno bandia yanayovuka pengo, zima linasimama juu ya hayo. Kwa kawaida ni meno matatu ya kauri yaliyoungana. La katikati halina mzizi, linagusa fizi tu. Yale ya pembeni ni matupu ndani, yanavishwa juu ya meno yako mwenyewe baada ya kuchongwa. Jirani akiwa na mzizi mfupi, au fizi yake imelegea, au kuna usaha kwenye ncha ya mzizi, huenda usipate daraja.

Alinieleza pia habari ya jino la kupandikiza, lile la skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa. Hilo haligusi jirani, na aliniambia waziwazi kwamba kama meno yangu ya pembeni yangekuwa mazima kabisa angenishauri nitafute hela nipandikize. "Lakini hili la kulia limeshamegeka, na hili dogo la kushoto lina vishimo mpaka limeanza kutoboka. Haya mawili yangehitaji kuvishwa kofia ya kauri siku moja hata bila pengo." Hapo ndipo hesabu yangu ilipokaa sawa. Jino likishachongwa halirudi, hivyo swali la kwanza si bei ya daraja, ni hali ya yale meno utakayoyatoa kafara.

Nilimuuliza kuhusu daraja la mabawa pia, nililolisikia kwa mwalimu mwenzangu. Lile linabandikwa nyuma ya meno ya jirani bila kuchonga sana. Akasema kwa meno ya floraidi nyingi halitegemeki sana, kwa kuwa gundi yake hung'ang'ania gamba la nje lililochubuliwa kwa asidi, na magamba yetu ni mabishi kwa hiyo asidi.

Hatukuanza siku hiyo. Ukishang'oa jino, mfupa na fizi vinanywea, hasa miezi ya mwanzo. Daraja likitengenezwa mapema, baadaye unabaki na upenyo mweusi kati ya fizi na jino la kauri, na mbele pale kila mtu anauona. Nilisubiri miezi kadhaa na lile jino langu la sahani.

Katika kusubiri ndipo familia ilipoingia. Wifi yangu wa Dar alipiga simu: "Wifi, hela ni zako, kwa nini wakuwekee jino la kahawia? Mwambie akuvishe yote ya mbele meupe, tumalize." Nakiri maneno yake yalinikaa siku nyingi. Nani hajawahi kufunika mdomo akicheka kwenye harusi ya watu wa pwani? Lakini nilipompelekea daktari, akanionyesha kwenye kioo: ili meno yanayoonekana nikicheka yawe meupe, tungechonga sita au manane, na mengi ya hayo hayana tatizo zaidi ya rangi. Kung'arisha kwa dawa kungesaidia madoa mepesi, si yangu yaliyozama. Akaongeza jambo ambalo kila anayefikiria daraja la mbele inafaa alijue: ukitaka kung'arisha meno, fanya kabla, maana kauri haing'arishwi. Ukiweka daraja leo ukang'arisha mwakani, meno yako yatabadilika na daraja litabaki lilivyo.

Nikaamua litengenezwe la rangi yangu. Sikuwa tayari kukata jino zima ili nifanane na tangazo la dawa ya mswaki.

Rangi ilichaguliwa kabla ya ganzi na kabla ya kuchonga, karibu na dirisha, taa ya kiti ikiwa imezimwa. Meno yakikaa wazi yanakauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo, ndiyo maana wanawahi. Daktari alikuwa na kipima rangi chenye vijino 16, vya herufi A hadi D. Akaviweka kimoja kimoja kando ya meno yangu. Kile cha A4 kilikaribia rangi yangu kule shingoni mwa jino, karibu na fizi, lakini hakuna hata kimoja chenye michirizi yetu. Akapiga picha, akasema, "Mwalimu, hii itabidi fundi mwenyewe akuone."

Siku ya kuchonga, sindano za ganzi juu ya mdomo ndizo zilizouma. Baada ya hapo ni mlio wa mashine, maji yakipuliza, na ile harufu ya jino likisagwa ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo. Akapachika uzi mwembamba kuzunguka meno ili fizi irudi nyuma, kisha akanibandika trei yenye tope zito la kuchukua umbo. Pumua kwa pua, inamisha kichwa mbele kidogo, mate yatoke tu, usione aibu. Nilipopewa kioo niliona vijino viwili vilivyobaki, vidogo na vyembamba. Kama una moyo mwepesi, usiombe kioo. Akanivisha daraja la muda la plastiki, lililobandikwa kwa gundi hafifu ili litolewe kirahisi. Langu lilichomoka nikitafuna ndizi mbivu, ya kupika hata haikuwa. Nikalirudisha kwa daktari likabandikwa tena. Usithubutu kulirudishia kwa supaglu ya dukani, inachoma fizi na inaweza kuharibu jino lililochongwa.

Fundi wa maabara ya meno ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Alinikalisha kwenye stuli kando ya dirisha. Daraja langu lilikuwa limeshavishwa kauri juu ya chuma, likiwa na rangi ya msingi tu. Akachukua brashi nyembamba, akachanganya unga wa rangi na tone la kimiminika juu ya kigae. Akaniambia, "Cheka, mama." Nikacheka. Akatazama jino langu la juu la kulia, lile la tatu, akachora mstari wa kahawia ukilala mlalo, juu kidogo ya katikati. Akaupangusa nusu kwa kidole. Akaongeza weupe wa chokaa pembeni, kwa sababu, alisema, meno ya Meru hayana kahawia peke yake, yana mawingu meupe pia, na mafundi wasioyajua husahau hayo mawingu. Daraja likaingia kwenye tanuri dogo lenye joto la mamia ya nyuzi. Lilipotoka na kupoa alilipachika mdomoni, akarudi nyuma hatua mbili, akalitoa tena na kuongeza mstari. Sikuwahi kuona mtu akihangaika hivyo ili kitu kionekane hakina jipya.

Kubandika kulikuwa kwepesi. Daktari alinitafunisha karatasi ya bluu, akasaga palipogusa kwa nguvu, tukarudia mpaka meno ya juu na ya chini yakakutana sawasawa, ndipo akaweka simenti. Siku za mwanzo maji baridi yalinipenya, kisha yakaacha. Darasani "fi" ilirudi, ingawa kuwarudisha watoto kwenye "fi" ya kweli kulichukua muda zaidi.

Kinachohitaji bidii ni usafi. Meno matatu yameungana, hivyo uzi wa meno hauwezi kupita katikati yake kama kawaida. Unautia kwenye kitanzi cha plastiki mfano wa sindano, unaupenyeza pembeni, unauvuta kati ya fizi na jino lisilo na mzizi, unausugua mbele na nyuma. Kila usiku. Kauri haiozi, ila jino lako lililo ndani ya kofia linaweza kuoza pale ukingoni karibu na fizi, na likioza daraja lote linaondoka nalo. Sifungui soda wala sivunji mfupa kwa meno ya mbele. Mahindi ya kuchoma nayapukuchua kwa vidole.

Kuhusu hela: wanahesabu kwa jino, si kwa pengo. Pengo moja, meno matatu, unalipa matatu. Bima niliyonayo haikugusa hata shilingi ya daraja, nikalipa kwa awamu kabla halijabandikwa. Uliza pia kama ni kauri juu ya chuma au zirkonia, ile kauri ngumu isiyo na chuma ndani, bei zinatofautiana. Na muombe fundi aandike rangi alizotumia. Kwenye kadi yangu zimo zote, kwa kuwa daraja linalotunzwa hukaa kama miaka 10 hadi 15 na baada ya hapo huenda ukahitaji lingine.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu ameniomba namba ya daktari. Yeye gego lake la chini liling'olewa zamani, la jirani limeshaegemea pengo na la juu limeanza kuteremka kufuata nafasi. Nimemwambia asiulize bei kwanza, aombe picha ya hayo mawili ya pembeni. Anakwenda Jumamosi.