Karatasi za korosho: nilivyozipanga zikajibu madai

Nilipokabidhiwa ukatibu wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, huku Tandahimba mkoani Mtwara, vishina vya stakabadhi za misimu iliyopita vilikuwa ndani ya viroba ghalani, mchwa wakivila taratibu. Wajumbe wa bodi walitaka vipangwe kwa majina ya wakulima. Nilikataa. Mkulima wa korosho hukumbuka mnada, maana kila mnada una bei yake. Nikapanga kwa msimu, kisha kwa mnada, na kila jalada likafuata njia ya korosho yenyewe: kishina cha mizani, hati ya kupeleka mzigo ghala kuu, stakabadhi ya ghala, bei ya mnada, orodha ya malipo ya benki.

Mpango huo ulijaribiwa na mama mmoja aliyekuja na barua ya mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi ya mumewe. "Mwanangu, marehemu alipima, hela hakuiona." Tulifungua jalada la mnada huo. Kilo zilikuwepo, na malipo yalitumwa, ila benki iliyarudisha kwa sababu jina la akaunti halikulingana na la orodha. Fedha ilikuwa bado kwenye akaunti ya chama. Bila ile karatasi ya benki, lingebaki neno lake dhidi ya letu.

Muda wa kutunza ulizua ubishi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai miaka 5, lakini madai ya mkataba yanaweza kufika mahakamani hadi miaka 6. Tukafuata ule mrefu, na jalada lenye kesi haliguswi hata muda ukipita. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, naye siku hizi hamalizi asubuhi nzima akisubiri vocha.

Jambo lililonipa kazi zaidi ni ubao wa matangazo. Tulikuwa tukibandika orodha ya malipo yenye namba za akaunti na za simu, kila mpita njia anasoma. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ubaoni panabaki namba ya uanachama na kilo tu. Wengine walinung'unika kwamba tunaficha. Anayetaka zaidi anakuja ofisini, anaonyeshwa mstari wake.

Anayeazima jalada anasaini daftari. Mwenyekiti alinuna, akasaini. Vishina vilivyopita muda vinachomwa baada ya bodi kuidhinisha orodha yake kwenye muhtasari. Rejista ya wanachama na mihtasari ya mikutano hatuchomi kabisa.