Saint-Émilion: njooni na raba

Jamani, huku Saint-Émilion, mji mdogo wa mvinyo Ufaransa, si kwa viatu vya kisigino! Treni kutoka Bordeaux haichukui hata saa nzima, ila stesheni iko nje ya mji, kwa hiyo unapiga mguu katikati ya mashamba ya mizabibu mpaka uanze kupanda. Vichochoro ni vya mawe, vina mteremko wa kutisha. Kimoja kimewekewa chuma cha kushikilia, na hakuna anayejifanya hakihitaji.

Kilichoniacha mdomo wazi ni kanisa la chini ya ardhi. Halikujengwa, lilichongwa ndani ya mwamba wa chokaa, nguzo na dari vyote jiwe moja. Mnara wa kengele umekaa juu yake, mzito kiasi kwamba nguzo za ndani zimefungwa vyuma. Ukisimama pale chini unajikuta unaangalia juu mara mbili mbili.

Mvinyo je? Merlot ndiyo zabibu kuu ya hapa, ila mimi sinywi. Mkono wangu ulikuwa kwenye makaroni, si zile tambi bali vibiskuti vitamu: lozi, sukari na ute wa yai, mapishi ya masista wa Ursula tangu 1620. Vinauzwa vikiwa bado vimegandia kwenye karatasi ya kuokea. Vile vya rangi rangi vya Paris havioni ndani! Boksi halikufika Bordeaux.