Mana Iliyooza Ndani ya Friza Yangu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumanne ya wiki hii nilitupa jalalani kilo kadhaa za nyama, samaki wawili, na bakuli la maharage ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka lilipikwa lini. Friza iliharibika tukiwa safarini kwenye msiba, na tuliporudi baada ya siku tano harufu ilitupokea mlangoni. Hasara ya fedha ilikuwapo, lakini si iliyonikosesha usingizi. Kilichonisumbua ni kwamba, nilipokuwa nikiitia ile nyama kwenye ndoo, nusu yake sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimeinunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri na nafasi ilikuwapo, nikairundika juu ya nyingine niliyokwisha kuisahau.

Usiku huo nilifungua Kutoka 16, sura niliyoihubiri mara nyingi, na nikaisoma kama mtu anayesomewa shtaka. Mnakumbuka kwamba Waisraeli jangwani waliagizwa kuokota mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia, pishi moja kwa kila kichwa, kwamba walipopima, aliyeokota zaidi hakubakiwa na kitu na aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na kwamba wale waliosaza hata asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Siku zote nimeifundisha sura hii kama somo la imani tu. Safari hii niliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu miaka yote: kwa miaka 40, kabla ya kupewa mashamba na ghala, taifa la Mungu liliishi kwa kuokota, na shuleni mwa jangwani somo la kwanza kuhusu chakula lilikuwa kipimo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja wa Kihadzabe, na naomba niwaambie habari hii ingawa inaniaibisha.

Miaka mingi iliyopita nilikwenda na kundi la waumini katika Bonde la Yaeda, upande wa kusini wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, tukiwa na nguo, unga na sukari. Wahadzabe ni watu wachache, wapatao elfu moja na mia kadhaa, na sehemu yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, na kukusanya asali, ubuyu na matunda ya porini. Wengi wetu tulikua tukisikia wakitajwa kwa majina ya dharau, na nadhani dharau hiyo tulisafiri nayo ndani ya gari pamoja na magunia. Mzee yule tulimkabidhi mfuko wa unga uwe wake na mkewe, kwa kuwa alionekana dhaifu. Kabla hatujamaliza kuimba, alikuwa ameufungua na kuanza kuwapimia watu wote wa kambi kwa kata ya kibuyu, nyumba baada ya nyumba, wakiwamo vijana wenye nguvu kuliko yeye. Nilimwendea pamoja na mkalimani, nikamweleza kwa upole wa mtu anayejiona anajua kwamba inafaa kuweka akiba. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kupima. Tuliporudi niliwahubiria wenzangu ndani ya gari juu ya chungu wa Mithali 6, yule mdudu mdogo anayejiwekea chakula wakati wa mavuno, nikasema watu wale hawajui kupanga.

Wapendwa, yule mzee alikuwa akiifanya Kutoka 16 mbele yangu, kwa kipimo mkononi, nami niliyekuwa na Biblia sikuitambua.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza kuhusu maisha yao, na sitaki kuwapamba kupita kiasi, kwa maana nao ni wana wa Adamu kama sisi. Ndege tunayemwita mlembe, ambaye huita na kuwaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki, hutarajia apate nta. Lakini Wahadzabe mara nyingi huchoma au huficha masega yaliyosalia ili ndege abaki na njaa na aongoze tena. Hata hivyo, liko jambo ambalo siwezi kulipita. Mrina asali wa Kihadzabe hupigilia vigingi vya mti katika shina la mbuyu, akapanda hadi juu, akawatuliza nyuki kwa moshi, akachukua asali na kushuka, na ule mbuyu hubaki umesimama ukiwapa wanawake na watoto ubuyu msimu baada ya msimu. Torati inasema jambo la namna hiyo katika Kumbukumbu la Torati 22, kwamba ukikuta kiota njiani waweza kuchukua makinda, lakini mama yao umwache aende zake. Tumeruhusiwa kula. Kinachokatazwa ni kula pamoja na chanzo cha chakula cha kesho. Kambi nayo huhama mara kadhaa kwa mwaka, na kwa sababu kila kitu hubebwa kwa mikono na mabega, mtu hana vitu visivyo na kazi. Na mnyama mkubwa akiuawa, nyama huenea kambini kabla haijaharibika. Kwa lugha yetu, akiba yao imo tumboni mwa jirani, na jirani naye atakuwa na mawindo siku nyingine.

Najua atatokea mpendwa wa kuniuliza habari za Yusufu, aliyekusanya nafaka ya miaka saba huko Misri. Swali hilo ni la haki, maana hata mana iliokotwa maradufu siku ya sita, na ile haikuoza. Mkulima asiyeweka mbegu ni mpumbavu. Lakini Yusufu alifungua ghala wenye njaa walipofika, ilhali yule tajiri wa Luka 12 alikusudia kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, na katika mazungumzo yake yote hakumtaja mtu mwingine isipokuwa nafsi yake. Friza yangu haikuwa ghala la Yusufu.

Na sasa niseme na kanisa kwa upendo, kwa sababu hili si la nyumba yangu peke yake. Katika sherehe zetu, za harusi na hata za mavuno ambazo tunaziita za kumshukuru Mungu, tunapika kwa kuogopa aibu. Tunaogopa wageni waseme chakula kilipungua, hivyo tunachanga zaidi, tunachinja zaidi, na jioni wapishi wanamwaga pilau kwenye shimo nyuma ya jiko, huku vijana wakiokota chupa za maji zilizonywewa nusu. Mifuko ya plastiki tuliiacha mwaka 2019 kwa sababu serikali ilipiga marufuku. Je, tulihitaji sheria ili tuheshimu kazi ya mikono ya Mungu? Bwana wetu aliwalisha watu elfu tano kwa muujiza, angeweza kuumba mikate mingine asubuhi iliyofuata, na bado aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Sisi ambao hatufanyi miujiza ndio tunaomwaga.

Tena kinachomwagwa kilitoka mahali. Mashamba na malisho yamekuwa yakisogea ndani ya nchi ya Wahadzabe kwa miaka mingi, na kila pori likifyekwa, mizizi, nyuki na wanyama wao huondoka nalo. Namshukuru Mungu kwamba mwaka 2011 walipata hati za kimila za ardhi ya zaidi ya hekta 20,000 katika Bonde la Yaeda, na kwamba leo msitu huo uliosimama unawaletea fedha za hewa ya ukaa, yaani malipo kwa kuutunza msitu unaohifadhi hewa hiyo, zinazosaidia kulipa walinzi wa msitu, matibabu na masomo ya watoto. Wale niliowahurumia kwa kutojua kupanga wametunza kile ambacho sisi wapangaji tumekimaliza kwetu.

Friza bado haijatengenezwa, na tumekubaliana nyumbani ikae hivyo hadi mwisho wa mwezi. Jana tulinunua nyama nusu kilo ikaisha siku hiyohiyo. Nimemwomba mwenyekiti wa kamati ya mavuno tuhesabu watu kwanza kabla ya kuhesabu ng'ombe, na chakula kitakachobaki kipelekwe kabla ya jua kuzama kwa familia ambazo wazee wa mitaa wanazifahamu. Mimi nitasimama kwenye meza ya kupakulia. Aliye tayari kusimama nami tangu saa sita mchana aniambie baada ya ibada ya Jumapili.