Bakteria wa mgongoni: hatimaye wameonekana wakiwa hai

Wameonekana! Vijiti vyembamba, ndio bakteria wenyewe, vimelala sambamba juu ya mwili wa protisti, kiumbe wa seli moja anayeishi utumboni mwa mchwa, na protisti mwenyewe bado anaogelea. Kabla ya hapo nilikuwa napata maiti tu.

Mchwa ni wale wa mbao kavu, kutoka fremu kuukuu ya dirisha niliyopewa na seremala wa Ndeeba, Kampala. (Majirani bado wananielekeza kwenye vichuguu. Mchwa wa vichuguu hivyo hulima kuvu. Protisti hawa hawamo matumboni mwao.)

Adui alikuwa oksijeni. Ukishapasua utumbo, protisti anavimba, anakuwa duara, anapasuka, na katika uchafu ule hujui kipi ni chake na kipi ni cha mgeni. Nilichemsha maji ya chumvi, gramu 6 kwa lita, nikayapoza ndani ya chupa iliyojaa hadi mdomoni. Wakadumu kidogo, si vya kutosha. Dawa ikawa mafuta ya mgando: unayapaka kwenye kingo za kioo cha juu, unakibandika, unabonyeza polepole pasibaki povu. Wapo wanaosifia rangi ya kucha. Kwa harufu ile, mimi siisogezi karibu na kiumbe hai.

Halafu mwanga. Nilikata duara la karatasi nyeusi, nikaliweka chini ya kondensa (lenzi ya hadubini inayokusanya mwanga chini ya kioo), nikatazama kwa lenzi ya 40. Uwanja ukawa giza, vijiti vikang'aa. Karatasi tu! Na kuna watu wanakuuzia kifaa cha kazi hiyohiyo kwa bei ya bodaboda.

Nilijuaje si mijeledi yake, yaani nyuzi ndefu anazoogelea nazo? Mmoja alipopasuka, vijiti vilibanduka vikaelea kila kimoja kivyake, vimenyooka vilevile. Mixotricha paradoxa, protisti wa mchwa wa Australia, aliwachanganya wataalamu hapohapo: mwaka 1933 Jean Sutherland alimweleza kuwa ana silia (vinyweleo vifupi vya kuogelea) na mijeledi kwa pamoja, na mwaka 1964 Cleveland na Grimstone wakaonyesha kwamba "silia" zile ni spirokaeti, bakteria wa umbo la skrubu, waliomng'ang'ania, nao ndio wanaomsukuma. Wa kwangu sioni wakisukumwa na mtu. Mijeledi ya mbele inachapa kazi.

Leo ilikuwa zamu ya kupaka Giemsa, rangi ya kutia sampuli za hadubini. Giemsa itasubiri, maana kwenye kopo kuna mchwa aliyejivua ngozi, mweupe pe. Wakijivua hupoteza protisti wao, kisha hulishwa wapya kutoka mkunduni mwa wenzao. Nimemweka kwenye kisahani pamoja na wenzake wachache. Nataka kuona kama protisti wa kwanza kuingia wanakuja na vijiti vyao mgongoni.